Picha ya marubani wa vita: Battle of Britain, Dunkirk au Red Tails?

Kipanga77:
Wakuu, Jumamosi mzee anashuka mjini, na kwake picha ni ya vita, basi. Kwenye flashi nina tatu: Battle of Britain ya 1969, Red Tails ya 2012 na Dunkirk ya 2017. Naomba moja tu, maana akichoka analala palepale kwenye kochi. Mimi naelekea kwa ile ya 1969 kwa sababu ya majina: Laurence Olivier, Michael Caine, Christopher Plummer, Robert Shaw, wote humo humo.

BintiMakorora:
Hayo majina ndiyo ugonjwa wake. Mzee atakuuliza "stelingi nani?" na utakosa jibu. Caine ndiyo kwanza umemzoea, mara ndege yake inalipuka hewani, kwisha habari. Na wakishavaa barakoa za oksijeni, kumtambua nani ni nani ni kazi. Weka Dunkirk. Tom Hardy geji ya mafuta imekufa, anapiga hesabu kwa chaki pale mbele ya usukani. Aliyewahi kupanda bodaboda yenye geji mbovu usiku ataelewa.

FundiMitambo:
Dada, Dunkirk ndege ni sehemu tu. Juma zima ufukweni, siku moja baharini, saa moja angani, na vyote vimesukwa pamoja. Mzee atadhani flashi inaruka.
Ile ya 1969 ndege ni za kweli, kompyuta hakuna. "Messerschmitt" za Wajerumani unazoziona ni Buchón za Hispania, na injini zake ni Rolls-Royce Merlin, jamii ileile ya Spitfire, ndege ya Waingereza. Adui kaja na injini ya Mwingereza! Zitazame zinavyokata kona: zina uzito. Za Red Tails zinageuka kama nzi.

Sele_wa_Ilala:
Za nzi sawa, ila ni hadithi ya marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee, wanasindikiza ndege za mabomu za Wamarekani wenzao ambao hata kukaa nao meza moja hawataki. George Lucas, mtayarishaji wake, alitoa hela mfukoni mwake. Maongezi ndiyo mepesi, nakubali. Ukipata The Tuskegee Airmen ya 1995 ichukue: Laurence Fishburne yumo, na Cuba Gooding Jr. yumo kote kuwili.

MzeeWaKahawa:
Wanangu, mmesahau macho. Kwenye Battle of Britain Wajerumani wanasema Kijerumani chao, tafsiri inapita chini. Kipanga, baba yako ana miwani? Kama hana, kaa karibu umsomee.
Halafu sikilizeni redio ya marubani kwenye Dunkirk. Ile sauti ya kiongozi ni Caine yuleyule.

FundiMitambo:
Shikamoo mzee. Hiyo ya Caine ilinipita kabisa!

Kipanga77:
Mrejesho. Tumeangalia ya 1969, nimesoma Wajerumani mpaka koo limekauka. Stelingi kauliza mara tatu. Mara ya nne kajijibu mwenyewe, akamwonyesha Olivier, yule Dowding, mkuu wa marubani wa kivita wa Uingereza, wa ofisini asiyerusha ndege hata moja: "Ni huyu. Wengine wanahesabu ndege, huyu anahesabu vijana." Hakulala.

Sele_wa_Ilala:
Na Red Tails je?

Kipanga77:
Flashi kaondoka nayo.