Mkono unashuka wenyewe, gurudumu la kurushia linakata ghafla: nisaidieni breki na fri kwenye L298N

Klabu_Mwanga (Kigoma)
Wakuu, habari za kazi. Roboti yetu ya mashindano ya shule inatumia Arduino Uno moja, bodi mbili za L298N za kuendesha mota na betri tatu za 18650 zilizoungwa mfululizo. Bodi ya kwanza ni ya magurudumu. Ya pili, chaneli A ni mkono na chaneli B ni gurudumu la kurushia mipira. Mota ya mkono ni ya 12V yenye giaboksi, mizunguko 100 kwa dakika. Ya kurushia haina giaboksi. Taya za mkono zinafunguliwa na servo.

Kusimamisha mota tunatumia amri ileile kote: pini zote mbili za mwelekeo wa mota (IN) ziwe LOW, yaani bila volti. Mkono ukiwa umenyooka unashuka polepole mpaka chini, sekunde nne hivi. Gurudumu la kurushia nalo linasimama kwa kishindo, na skrubu inayolibana kwenye shafti inalegea kila baada ya mechi mbili tatu. Mimi nataka kinyume chake: mkono ushike, gurudumu liachie. Kasi tunaipunguza kwa analogWrite (PWM, kuwasha na kuzima haraka haraka) kwenye pini za IN. Jampa (vifuniko vidogo vya kuunganisha pini mbili) za ENA na ENB, pini za kuwasha kila chaneli, zipo kama zilivyotoka dukani.

VoltiTabora
Mkuu, jibu la gurudumu umeliandika mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Jampa ikiwepo, EN iko juu muda wote. L298N ikiwa na EN juu na IN zote mbili sawa, iwe LOW LOW au HIGH HIGH, hiyo ni breki. Fri, yaani mota kuachiwa izunguke huru, inapatikana EN ikishuka tu, na wewe umeifunga kwenye 5V. Kwa hiyo roboti yako haijawahi kuwa na fri hata siku moja.

Chomoa jampa ya ENB na uvute waya kutoka pini ile inayoingia kwenye chipu, si ile ya 5V, mpaka pini yoyote ya kawaida ya Uno. Ukirusha, HIGH. Ukimaliza, LOW, na gurudumu litaserereka lenyewe mpaka lichoke. Usiliwekee breki kabisa: mota ikiwa kwenye kasi kamili, mkondo wa mwanzo wa breki unakaribia ule wa mota iliyokwama, na kishindo chake ndicho kinacholegeza hiyo skrubu. Kugeuza mwelekeo ghafla ni kubaya zaidi, mkondo unakaribia mara mbili ya hapo.

Klabu_Mwanga
Asante mkuu. Sasa kama zote ziko kwenye breki, mbona mkono unashuka?

Mama_Risasi
Hapo ndipo wengi wanapokwama. Breki ya bodi haifungi mota kama kufuli. Inachofanya ni kuunganisha waya mbili za mota pamoja. Mota inayozungushwa inageuka jenereta, umeme wake unapita kwenye waya zake yenyewe na kuipinga. Chomoa mota ya mkono kwenye bodi, zungusha shafti kwa vidole, halafu zisokote waya zake mbili pamoja na uzungushe tena. Utasikia imekuwa nzito kama iko kwenye uji. Lakini ukiacha kuzungusha, hakuna umeme, na hakuna kinachoshika.

Sasa piga hesabu ya mkono wako. Mizunguko 100 kwa 12V ni kama 0.12V kwa kila mzunguko wa dakika. Mkono unashuka robo mzunguko kwa sekunde nne, yaani mizunguko 3.75 kwa dakika. Mota inazalisha kama 0.45V tu. Na L298N ni chipu ya zamani ya transista za baipola: kwenye breki mkondo unapita transista moja na diodi moja, na hivyo viwili vinakula kama volti moja na nusu hadi mbili. 0.45V haivuki hapo. Mkono wako uko kwenye breki kwenye programu tu, kwenye bodi hauna kitu. Gurudumu la kurushia linazalisha volti nyingi, linavuka bila shida, ndiyo maana linakatwa. Amri moja, matokeo mawili.

Anayeshuka na pikipiki kutoka Mwanga kwenda stesheni anajua hili: ukiacha gia inakushika, ukiweka nyutro unaserereka. Ila hakuna anayeegesha mlimani kwa kutegemea gia peke yake.

Kigoma_Bodi
Naongezea hapo. Bodi ya MOSFET (aina nyingine ya transista) kama TB6612FNG inashika mpaka kasi ndogo kabisa kwa sababu haina hiyo volti mbili ya kuliwa. Lakini tahadhari mbili. Kwanza, inabeba 1.2A tu mfululizo kwa chaneli. Mota kubwa ya mkono itaichoma. Pili, na hii inawatesa wengi: kwenye TB6612 LOW LOW ni FRI, na HIGH HIGH ndiyo breki. Ukibadili bodi bila kugusa programu, mkono utaanguka kama jiwe. Na STBY, pini ya kuamsha bodi, iwe juu, la sivyo hakuna kitakachotembea.

Bodi ya BTS7960 inatosha kwa mota kubwa. R_EN na L_EN zikiwa juu na PWM zote mbili sifuri, ni breki. EN zote zikishuka, ni fri. Wengi wanazifunga EN kwenye 5V kupunguza waya, halafu wanauliza fri iko wapi.

Wenye Control Hub ya REV (kompyuta ya roboti ya kampuni ya REV) wao ni mstari mmoja, setZeroPowerBehavior, BRAKE au FLOAT. Lakini hata huko mkono mzito utashuka polepole usipotumia RUN_TO_POSITION, hali ya kufuata na kushika nafasi. Na setTargetPosition itangulie, vinginevyo programu inakataa.

Mama_Risasi
Kweli. Na hata ukinunua BTS7960, breki itapunguza tu mwendo wa kushuka. Mkono wa kushika unahitaji kusukumwa. Funga potenshomita ya 10k (ya kupima pembe) kwenye bawaba ya mkono, isome kwa A0, na toa PWM kulingana na umbali kutoka pale unapotaka uwe. Juu yake ongeza kiasi cha kudumu cha kubeba uzito: nyoosha mkono, panda PWM tano tano mpaka uache kushuka, andika namba. Hiyo unaizidisha na kosaini ya pembe kutoka usawa, maana mkono ukiwa wima hauhitaji kitu.

dogo_ujiji
Mwalimu, servo ya taya ipo pini gani? Na mkono je?

Klabu_Mwanga
Servo pini 12. Mkono 9 na 10. Magurudumu 3, 5, 6 na 11.

dogo_ujiji
Basi mkono hautashika hata ukiandika programu nzuri namna gani. Kwenye Uno, maktaba ya Servo inaua PWM ya pini 9 na 10, hata kama servo yenyewe iko pini nyingine. Hamishia kasi ya magurudumu kwenye ENA na ENB za bodi ya kwanza: pini 5 na 6, na IN zake nne ziende 2, 4, 7 na 8. Hapo 3 na 11 zinabaki huru kwa mkono, na jampa ya ENA ya mkono inabaki mahali pake. ENB ya kurushia weka 13, IN zake A1 na A2.

VoltiTabora
Mpango mzuri, ila ujue bei yake. PWM kwenye EN, kila inapozima mota inakuwa fri. Kasi ndogo itakuwa ya kubahatisha. PWM kwenye IN, ikizima ni breki, mwendo unanyooka zaidi. Kwa magurudumu mtavumilia. Kwa mkono ubaki kwenye IN.

Faida ni kwamba magurudumu yanapata vyote: EN juu na LOW LOW kwa breki, EN sifuri kwa fri. Ila roboti ndefu ikikatwa breki ghafla mkono ukiwa juu, inalala kifudifudi. Punguza PWM kwa 15 kila milisekunde 20. Kutoka 255 ni theluthi ya sekunde, ndipo uweke breki.

Klabu_Mwanga
Nimehamisha waya. Gurudumu linaserereka vizuri. Mkono unashika, lakini unahitaji PWM 110 na mota inapata moto baada ya dakika moja.

Mama_Risasi
Mota isiyozunguka haifanyi kazi yoyote, umeme wote ni joto. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule wa kufungia mizigo, uufunge kutoka nyuma ya bawaba mpaka kwenye fremu uvute mkono juu. Kaza kidogo kidogo mpaka namba ishuke chini ya 60. Na utoboe tundu la pini ya chuma ya kuzuia mkono wakati roboti imezimwa, kwa sababu swichi ikizimwa hakuna breki wala PWM.