Fomu ya bima bado ina jina la marehemu mama. Niandike nani?

Dereva_Kasumbalesa
Habari zenu. Niko Lubumbashi, naendesha lori kati ya hapa na Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kampuni inatukata kidogo kila mwezi kwa bima ya maisha. Wiki jana karani alinifungulia faili langu: kwenye mstari wa mnufaika, yaani atakayelipwa nikifa, kuna jina la mama, mwandiko wangu mwenyewe wa 2019. Mama tulimzika 2022. Nilisimama na kalamu mkononi, nikashindwa kuandika.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alipofariki, watu wa ukoo walifika kwake Katuba, hapa Lubumbashi, kabla matanga hayajaisha. Walibeba friji, samaki wakiwa bado ndani. Shemeji alibaki na watoto watatu na godoro moja. Sitaki wangu wayaone hayo.

Nina mke (mahari nimemaliza, komini, ofisi ya serikali ya kuandikisha ndoa, bado hatujaenda), watoto wawili, na binti wa miaka 14 niliyemzaa Likasi kabla ya ndoa. Mke anamjua. Karani anasema niandike tu "warithi wangu". Inatosha?

Avoka_Ruashi
Papa, usiandike hivyo. Pesa ya bima yenye mtu aliyetajwa kwa jina inamfikia yeye moja kwa moja, haiingii kwenye urithi. Ukiandika "warithi", ukoo mzima utakuja na hoja zake, na pesa italala hadi ijulikane mrithi ni nani.

Kwenye urithi wenyewe, Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu zako. Binti wa Likasi ana haki sawa na wenzake, mradi umemtambua rasmi ukiwa hai. Jina lako limo kwenye cheti chake cha kuzaliwa? Na ndoa iandikisheni. Ukiondoka leo, mama watoto atahangaika kuthibitisha kuwa alikuwa mke wako.

Mama_Kampemba
Ndugu yangu, mimi ni mjane. Marehemu aliandika "Mama Junior", hivyo tu. Kadi yangu ya mchaguzi haina jina hilo. Miezi tisa nilikwenda na kurudi, mtoto mgongoni, nikitafuta mashahidi wa kusema Mama Junior ni mimi. Nakuomba: andika majina yote matatu ya kila mtu kama yalivyo kwenye kadi au cheti, tarehe ya kuzaliwa, na asilimia yake. Andika pia nani atapokea kama wa kwanza ametangulia. Hapo ndipo mama yako alipokuacha bila jibu.

Dereva_Kasumbalesa
Asante mama, pole sana. Na fungu la binti litashikwa na nani?

Avoka_Ruashi
Hajafika miaka 18, kwa hiyo kwa kawaida mama yake mzazi ndiye atakayempokelea. Ongea naye mapema, mke wako akiwepo. Kama una parsele, yaani kiwanja, bima haiigusi. Andika wosia kwa mkono wako mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, uweke tarehe na sahihi, au nenda kwa notere, ofisa anayethibitisha hati.

Dereva_Kasumbalesa
Narudi kuwaambia. Jumatatu tulikwenda komini mimi na mke, tarehe ya kuandikisha ndoa tumepewa. Likasi nitakwenda Jumamosi kwa ajili ya cheti cha binti. Fomu nimejaza upya: mke asilimia 40, watoto watatu 20 kila mmoja, binti akiwa wa kwanza kwenye mstari wa watoto. Karani amepiga muhuri. Kopi nimempelekea shemeji Katuba, aitunze yeye.