Tupeane uzoefu: uliyewahi kubadili saizi ya tairi, ilikuwaje?

Mtu wa Goba

Wakuu, salama? Nina Toyota IST old model, cc 1490, naishi Goba, Dar, ndani kabisa, kule lami inakoishia na mawe yanakoanzia. Gari lilikuja na tairi za 185/65R15, yaani upana milimita 185, rimu ya inchi 15. Nikipakia watu wanne, pale kwenye kilima cha kuingilia mtaani lazima tumbo liguse. Bamba la chini ya injini nimeshalichomelea mara mbili.

Fundi wangu anasema nifunge 195/65R15, "bosi, litanyanyuka mpaka ushangae". Muuza tairi naye, saizi yoyote nikiitaja inaingia. Zangu zimefika kipara, kwa hiyo uamuzi ni wiki hii. Nadharia sitaki. Namtaka aliyefunga akaendesha mwaka mzima aniambie kapata nini, kapoteza nini. Wenye magari makubwa pia karibuni.

Nati Nne

Mkuu, mimi ninayo hiyo 195/65R15 kwenye IST mwaka wa tatu huu. Nikupe ya ukweli.

Ile 65 ni kimo cha ukuta wa tairi, kwa asilimia ya upana. Ukuta wa tairi la 185 ni milimita 120, wa 195 ni karibu 127. Hicho ndicho kitakachoongezeka chini ya tumbo: milimita 6 na nusu, unene wa penseli. Fundi akikwambia litanyanyuka, mwambie alete rula.

Faida nimeiona. Mawe hayagongi kama zamani, na tairi lenyewe linabeba zaidi: langu la kwanza liliandikwa 88, maana yake kilo 560 kwa tairi moja, hili limeandikwa 91, kilo 615. Hasara ni kwamba nikiwa nimejaza watu nikarudi nyuma huku usukani umekatwa hadi mwisho, nasikia krrrr. Nikalala chini na tochi ya simu, nikakuta tairi limeshalamba plastiki ya ndani ya fenda limeacha alama inayong'aa kama kidoa cha mafuta. Upande wa kushoto tu, kulia hapana. Nadhani gari langu liliwahi kugongwa huko lilikotoka. Kuondoka kwenye mataa ni kuzito kidogo, nishazoea.

Dogo wa Vitz

Mimi nina kisa cha kulia. Vitz yangu ilikuwa na 165/70R14. Nikapata rimu za IST zikiwa na tairi zake 185/65R15, nati nne kwa nne, zikaingia bila ubishi. Gari likapendeza mpaka jirani akauliza kama ni jipya. Mwezi haukuisha, barabara ya Morogoro, tochi ya trafiki ya kupima mwendo ikanidaka. Dashibodi naiona 50, afande ananionyesha 58. Faini 30,000 ikaenda. Tairi kubwa zinaidanganya spidomita, jihadharini.

Fundi Mstaafu

Dogo, tairi lako la kwanza lina kimo cha milimita 587, la pili 621 na nusu. Ongezeko ni asilimia 6. Dashibodi ikisoma 50, barabarani unakwenda 53. Tena spidomita ikitoka kiwandani kwa kawaida inazidisha kidogo, haipunguzi. Hizo 5 zilizobaki ni za mguu wako.

Na kabla hujaja kulalamika kwamba gari linakula mafuta: kilomita nazo zinahesabiwa pungufu. Ikikuandikia 100 umeshatembea 106. Wengi hapo wanabadilisha plagi bure.

Dogo wa Vitz

Shikamoo mzee. Mguu umekiri.

Royal ya Mkopo

Mimi kimo sikukosea. Crown Royal, ilikuwa na 215/60R16, nikafunga rimu za 18 zenye 225/45R18. Piga hesabu utaona kimo kinatofautiana chini ya asilimia moja, spidomita haijui kama kuna kitu kimebadilika. Nilijiona msomi.

Nisichokihesabu ni ukuta, uliotoka milimita 129 ukaja 101. Mwezi wa nne, usiku, mvua, shimo limejaa maji siwezi kulitofautisha na lami. Kishindo kimoja. Asubuhi tairi limetoa nundu ubavuni, kubwa kama yai, na rimu imepinda mdomo. Nundu ile ni nyuzi za ndani zimekatika, hakuna cha kuziba wala kubembeleza, ni kutupa. Nikanunua lingine. Mwezi wa saba, shimo lingine, tairi la upande wa pili. Rimu za 18 sasa ziko stoo zimefunikwa gunia, anayezitaka aje PM.

Mwana wa Kisauni

Ndugu zangu, yangu mie haikuwa tairi, ilikuwa ni tundu la katikati ya rimu. Nilitoa rimu za Honda nikazitia kwenye Toyota yangu, nati nne, duara la nati milimita 100, zakaa sawa. Nikifika 80 usukani watetemeka kama mtu ana homa. Nikafanya balansi mara tatu, nikafanya alaimenti, nikabadilisha na ball joint, wapi!

Ikawa fundi mmoja mzee atoa kipimo chake mfukoni. Kitovu cha Toyota hizi ndogo, kile kiingiacho kwenye tundu la rimu, ni milimita 54.1, tundu la rimu ya Honda ni 56.1. Rimu yaelea, yashikwa na nati peke yake. Nazo nati zilikuwa zile za rimu ya asili ya Toyota, zenye washa bapa, na zile rimu za Honda zataka nati zenye kitako cha mviringo. Mbili zilikuwa zimeanza kufunguka zenyewe. Nilikuwa nimetoka Malindi na watoto siku hiyo. Nikatiwa pete nne za plastiki za kuziba lile pengo, na nati mpya, usukani ukatulia kimya. Pete zenyewe bei yake haifiki sahani ya biriani.

Nakuru Subie

Kwa wenye gari inayovuta miguu yote minne, someni hii polepole.

Subaru Forester yangu inatumia 225/55R17. Mbili za mbele zilipoisha, nikauziwa 215/55R17. Muuzaji akasema 17 ni 17. Nikalipa, nikaenda zangu.

Sasa, mzingo wa lile la 215 ni mfupi kwa kama sentimita 3 na nusu. Katika kila kilomita, magurudumu ya mbele yanazunguka karibu mara nane zaidi ya yale ya nyuma. Kile kifaa cha kati kinachogawa nguvu mbele na nyuma kimetengenezwa kuvumilia tofauti kama hiyo ukikata kona, si kuibeba safari nzima Nakuru hadi Nairobi kila wiki. Baada ya miezi mitano hivi, nikiingia parking polepole usukani ukiwa umekatwa, gari inajikaza kama kuna mtu amekanyaga breki, halafu inaachia kwa kishindo. Nikadhani ni shokapu. Haikuwa. Bili ya gearbox ilishinda bei ya tairi zote nne, na Subaru wenyewe wanasema mizingo isipishane zaidi ya robo inchi. Siku hizi nikinunua, nanunua nne, aina moja, siku moja.

Mama Karoti

Mimi napakia mboga kwenye Probox kutoka Lushoto. Nilidanganywa na upana. Nilitoa tairi za mzigo, zile zimeandikwa LT, nikaweka za gari la kawaida, pana zaidi, nzuri machoni. Kushuka milima na kabichi, mkia unayumba kama bata. Nimerudisha nyembamba zangu.

Dereva wa Ndutu

Nyembamba zina heshima yake, mama. Sisi wa porini Land Cruiser zetu nyingi zinatembelea 7.50R16, upana milimita 200 na ushee tu. Bosi mmoja aliona gari la picha mtandaoni akatufungia za 285. Masika yalipoanza, udongo mweusi ule, tairi pana linapanda juu ya tope linateleza kama liko kwenye sabuni. Nyembamba linakata tope linatafuta ugumu chini. Mchanga wa mtoni ni habari nyingine, hapo nyembamba utapunguza upepo au utachimba mpaka jioni. Wageni walipiga picha nyingi sana siku ile, mimi nikiwa matope hadi kiunoni.

Fundi Mstaafu

Mtu wa Goba, kabla hujanunua chochote: pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, juu yake. Hapo saizi ya tairi haihusiki. Kisha tafuta IST nyingine uipime palepale.

Mtu wa Goba

Wakuu nimerudi. Nimepima yangu na ya jirani, tumeegesha sambamba kwenye uwanja wake. Mbele yangu iko chini kwa sentimita 3, nyuma 2 na nusu. Springi zimelala, nimekuwa nikilaumu tairi.

Nimefunga springi nne na 185/65R15 mpya, nikachagua zilizotengenezwa wiki ya 11 ya mwaka huu, ile namba ya tarakimu nne ubavuni nilimfanya muuzaji anisomee moja moja. Jana tumepanda kile kilima watu wanne na gunia la mkaa, bamba halijagusa. Fundi wangu kanuna, anasema nimeenda kuulizia mambo yake kwa watu.

Mwenye Crown, zile rimu usizilete huku.