Likizo ya Juni na watoto: Msimbati, Msangamkuu, Mikindani au tupande Lindi?

Mwalimu wa Chuno
Wakuu, habari za leo. Nimehamia Mtwara mjini mwaka huu na mji bado sijaushika vizuri. Likizo ya Juni napokea watoto wawili wa kaka yangu kutoka Dodoma. Bahari wanaiona kwenye TV tu. Wa kiume ana miaka 15, yeye ni mpira asubuhi mpaka jioni. Wa kike ana 12, ukimpa penseli na karatasi humsikii tena. Gari sina, tutakuwa watu wa hiace na bajaji, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Nimetajiwa sehemu nne: Msimbati, Msangamkuu, Mikindani na Lindi. Nianze na ipi, na ipi niachane nayo?

Kuchele Damu
Msimbati. Mchanga mweupe, maji yamefika kifuani bado vidole vya miguu unaviona. Mjadala ufungwe.

Nahodha Mstaafu
Kuchele, mjadala haufungwi na mtu mwenye pikipiki yake. Msimbati ni kuzuri, hakuna anayebisha, lakini ni kilomita 40 na ushee kutoka mjini, na usafiri wa kurudi jioni ni wa kubahatisha. Kule uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo jiandae na kiingilio. Chakula na maji ya kunywa mbebe wenyewe. Ukipata wenzako wa kuchangia gari, nenda. Ukiwa peke yako na watoto wawili, utashinda unaangalia saa badala ya bahari.

Mimi ningeanza na Msangamkuu. Unashuka kivukoni Msemo, unapanda MV Mafanikio, dakika chache tu uko ng'ambo. Kwa mtoto wa Dodoma hicho kivuko chenyewe ni matembezi tosha, maana mnakatiza mlango wa bandari na meli mnaziona kwa karibu.

Ila mwalimu, kabla ya kuchagua pwani angalia mwezi. Wageni wengi wanarudi wananuna kwa sababu ya hili tu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunakuwa kwenye bamvua: maji yanakupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, halafu yanajaa saa kumi jioni. Ukifika saa nne siku hizo utakuta bahari imekimbia, umebaki mwamba, majani na akina mama wanachokoa pweza. Watoto wanataka kuogelea, wewe unawatembeza kwenye matope. Mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: maji yanajaa asubuhi hiyo hiyo ya saa nne, na hayapandi wala kushuka kwa fujo. Kwa watoto wasiojua kuogelea, chagua siku za mwezi nusu. Na Juni kusi linavuma, bahari ya nje huwa na hasira, kwa hiyo wabaki upande wa ndani.

Mama Shufaa
Shikamoo Nahodha. Nyongeza ndogo: wakati wa bamvua ya asubuhi wavae viatu. Miba ya urumi, yule mnyama wa baharini mwenye miba mwili mzima, haina adabu.

Nahodha Mstaafu
Marahaba mwanangu. Kweli kabisa.

Binti Mikindani
Mbona kwetu mmeparuka? Huyo binti wa miaka 12 ndiye wa Mikindani. Hiace za kutoka mjini hazikosekani, na ni kama kilomita 10 tu. Nyumba za mawe ya matumbawe, baraza, na milango ya nakshi ambayo mingine imebaki yenyewe, ukuta umeshaanguka. Mkalishe mbele ya mlango mmoja umwache. Mwambie aangalie mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili: nakshi yake inapanda kutoka chini mpaka juu, na mara nyingi ndipo fundi alipomalizia ujuzi wake wote. Atachora mpaka mumbebe.

Halafu mpande Boma. Wajerumani walilijenga 1895, sasa ni hoteli, lakini mkiomba kwa heshima na kuagiza hata soda hamfukuzwi. Kutoka juu ghuba yote iko machoni pako. Watoto waambieni na historia nzito: hapa palipita watu waliouzwa utumwani, na ni hapa Livingstone alishukia 1866 kwenye safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Kuogelea ndiyo siwadanganyi, ghuba yetu ni ya mikoko na ngalawa. Njooni kuangalia, kuogea nendeni Msangamkuu.

Mwana wa Mtanda
Nyie watu wa Mtwara mnapenda kujisifia. Lindi ni kama kilomita 110, lami mwanzo mwisho, mabasi kibao. Ukishuka, bahari iko mjini hapo hapo, huhitaji hiace ya pili. Jioni watu wote wako ufukweni, mpira wa mchangani unachezwa, huyo kijana wa miaka 15 atapata timu kabla hujamaliza kununua muhogo wa kukaanga. Kesho yake mnavuka kwa boti kwenda Kitunda.

Na mwambieni huyo mchoraji kuhusu mjusi wetu, yule dinosaria! Tendaguru iko mkoani Lindi. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi vichwani siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho Berlin, urefu wa kwenda juu umepita mita 13. Huko watu wanakata tiketi kumwona, sisi wenye mjusi tunamwona kwenye picha.

Kuchele Damu
Sasa Tendaguru ataona nini? Nyasi?

Mwana wa Mtanda
Nyasi na mlima, ndiyo. Sijasema aende. Nimesema asimuliwe akiwa Lindi, akiangalia bahari ile ile ambayo mifupa ilipitia. Wewe Mmakonde kila kitu lazima ukishike mkononi?

Kuchele Damu
Tukishika mkononi tunachonga kinyago, tunauza. Nyie mjusi kawatoroka na mifupa yake 😂

Fundi wa Mpingo
Umenikumbusha kitu. Huyo mtoto asiondoke bila kuwaona wachongaji. Usimpeleke dukani tu, tafuta fundi akiwa kazini, umwombe wakae dakika kumi. Mpingo nje ni mweupe wa manjano, weusi uko ndani kwenye kiini. Akiona tezo inavua ule weupe na weusi unaanza kutokea, ataelewa zaidi ya kusoma kitabu. Ukitaka kununua, kipime kwa mkono: mpingo ni mzito na ukiutia majini unazama. Kuna vya mti mwingine vimepakwa rangi ya viatu, hivyo ukivisugua na kitambaa chenye maji vinakuchafua.

Na barakoa ya mapiko, ile anayovaa mchezaji, haichongwi kwa mpingo, inachongwa kwa mti mwepesi. Nani ataruka na mpingo kichwani? Ukiona barakoa ya mpingo, hiyo ni ya kutundika ukutani sebuleni. Nzuri, lakini haijacheza ngoma.

Mama Shufaa
Na Juni ni likizo, mitaani kunakuwa na shughuli za kutoa wali, yaani vijana waliomaliza jando na unyago. Mkisikia ngoma jirani, ombeni mwenyeji awapeleke. Mnakaa pembeni, mnaangalia sindimba ya wenyewe, bure. Simu muiweke mfukoni mpaka muulize kama kupiga picha inaruhusiwa, kuna mambo mle ndani si ya kila jicho. Tamasha la MaKuYa la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao likitangazwa, hilo piga picha mpaka simu izime.

Jukwaa la Kijani
Kijana wa mpira mmemsahau. Uwanja wa Nangwanda Sijaona pale mjini, tulishangilia timu yetu Ndanda akiwa Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15, akashuka 2020. Siku hizi Ligi Kuu kusini ni Namungo, nao uwanja wao wa Majaliwa uko Ruangwa. Timu ya wilayani ilipanda 2019, mwaka uliofuata ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba, ikafungwa 2-1 na bado ikaenda Afrika mpaka hatua ya makundi. Kwa kijana wa miaka 15 hiyo ni hadithi ya kumsimulia. Ila Juni ligi iko ukingoni au imekwisha, usimpeleke Ruangwa kwa kubahatisha. Tafuta ndondo mtaani kwako. Beki wa ndondo hana huruma, na kiingilio ni kusimama juani.

Mwalimu wa Chuno
Nawashukuru sana ndugu zangu. Nimeona Msimbati isubiri nipate wa kuchangia gari. Mikindani na Msangamkuu lazima, ndondo lazima. Lindi bado nasitasita, kulala huko kwa watu watatu ni gharama. Nahodha, Mikindani na Msangamkuu zinaingia siku moja?

Nahodha Mstaafu
Zinaingia, lakini kwa bamvua, tofauti na nilivyokwambia mwanzo. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa nendeni Mikindani, huko huogelei hata hivyo. Saa saba rudini mjini mpate chakula, saa nane muwe kivukoni. Mtafika Msangamkuu maji yanapanda, saa kumi yamejaa. Kaa nao mita chache tu kutoka ufukweni, mkono kwa mkono. Na uliza pale kivukoni saa ya safari ya mwisho ya kurudi kabla hamjavuka.

Mwana wa Mtanda
Lindi si lazima kulala. Basi la alfajiri, la kurudi la jioni. Andika hapa siku unayokuja, nitawapokea stendi.

Kuchele Damu
Na kama kuna mtu wa kuchangia gari Msimbati baada ya Julai kuanza, niko tayari. Kuanzia hapo mpaka Novemba nyangumi wanapita, huo ndio msimu wenyewe.

Mwalimu wa Chuno
Watoto wanarudi shule Julai, Kuchele. Mimi nipo, nihesabu.