Mjadala: Tani za mahindi tuziamini za kompyuta au za mkulima?

Mleta mada: Wakuu, kila msimu tunasomewa tani. Kwa namba hiyo mpaka wa nchi unafungwa au ghala linafunguliwa. Tanzania ilizuia mahindi kwenda nje mwaka 2011, ikazuia tena 2017, na aliyebaki na gunia ndani anajua bei ilivyokuwa. Sasa wataalamu wanasema dawa ni modeli: unachukua mvua, mbolea na ukijani wa mimea unaoonwa na satelaiti, kompyuta inakokotoa gunia kwa ekari. Sina ugomvi na satelaiti. Ugomvi wangu ni ekari.

Kijijini ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Hesabu hiyo inakaribia ukweli kama kila hatua ni yadi moja. Mwenye hatua ya sentimita 80 anapata mita 56 kila upande, yaani mita za mraba 3,136, wakati ekari ni 4,047. Akikwambia "nimelima ekari moja nikapata gunia 10", kosa lake halidhuru jumla, maana gunia ni 10 zile zile. Lakini ukichukua gunia kwa ekari za modeli, hata kama modeli haijakosea, ukazidisha kwa ekari za hatua, umeongeza karibu asilimia 30 ya mahindi yasiyokuwepo. Tupime mashamba kwanza, modeli baadaye.

Mkulima: Gunia 10 zile zile? Umewahi kuuza mahindi wewe? Kuna gunia la debe sita na kuna lumbesa. Halafu mbolea ya ruzuku ilipokuja 2022 tukaandikishwa pamoja na ukubwa wa mashamba. Nani unadhani alitaja pungufu?

Afisa ugani mstaafu: Niseme na langu. Utaratibu ni kuchagua shamba, kupima kipande kidogo, kuvuna, kupukuchua na kupima uzito. Tulifanya hivyo pikipiki ilipokuwa na mafuta. Isipokuwa nayo, na wakubwa wanataka takwimu Ijumaa, nilichukua za mwaka jana nikaongeza asilimia tano. Miaka kadhaa hivyo. Wanaosema modeli inajifunza kutokana na takwimu za nyuma wajue inajifunza kalamu yangu.

Msomaji wa uchumi: Mzee, shikamoo, na asante kwa ukweli. Ndiyo maana nasimama na satelaiti: haiogopi bosi. Tazameni Malawi. Mwaka 2001 makadirio yalionyesha muhogo na viazi vitamu tele, kwa hiyo upungufu wa mahindi haukumtisha mtu. Akiba ya taifa, tani kama 167,000, ikauzwa karibu yote. Mwanzoni mwa 2002 watu wakafa kwa njaa.

Mleta mada: Mfano wako unanisaidia mimi. Muhogo uko chini ya udongo, unang'olewa kidogo kidogo mwaka mzima, mwingine unaachwa hadi mwaka wa pili. Satelaiti itaona majani tu. Na akiba ile haikuuzwa kwa sababu ya makadirio peke yake. Kulikuwa na deni, na wafadhili walikuwa wakishauri akiba ipunguzwe. Namba mbovu ilifanya uamuzi huo uonekane hauna hatari.

Msomaji wa uchumi: Sawa kwa muhogo. Kwa mahindi sikubali. Na kupima kila shamba nchini utamaliza lini?

Afisa ugani mstaafu: Si kila shamba. Chagua machache kwa bahati nasibu, si yale ya kando ya barabara kama tulivyozoea. Unazunguka mpaka wa shamba na simu yenye GPS, dakika chache umemaliza. Ukipata kwamba ekari ya kutaja ni robo tatu ya ekari ya kweli, unarekebisha za kijiji kizima. Mafuta ya pikipiki tu.

Mkulima: Basi anzeni na langu. Marehemu baba aliniachia akasema ni ekari tatu, nami nimetaja tatu kila mahali. Kusema kweli naogopa jibu.