Nipunguze vipi sukari kwenye chai ya nyumbani?

KondeleJuu: Wadau, nisaidieni. Huwa napika chai lita 2, nusu maziwa, na sukari vijiko 10 vya chakula humo humo sufuriani. Nikipunguza inakuwa chungu, hainyweki.

JikoniNakuru: Uchungu huo ni wa majani. Yakitokota dakika 15 yanatoa ukali wote, ndio unaoufunika kwa sukari. Chemsha tangawizi kwenye maji kwanza, dakika 5. Ukiitia mbichi kwenye maziwa yatakatika. Maziwa yakishaumuka tia majani, dakika 3, epua, chuja papo hapo. Majani yasiingie kwenye chupa.

MamaWawili: Na sukari itoke sufuriani. Weka kopo mezani, kijiko cha chai kisawazishwe kwa kisu: gramu 4. Sasa hivi kila kikombe cha robo lita kina kama gramu 16, na WHO, Shirika la Afya Duniani, inapendelea zisizidi 25 kwa siku nzima. Punguza nusu kijiko kila wiki. Mko wangapi?

KondeleJuu: Wawili. Ila nimeshanunua sukari nguru Kakamega, kilo 2. Si ni ya asili?

MamaWawili: Ni muwa uleule dada, karibu yote ni sukari. Asali nayo sehemu kubwa ni sukari.

Mchunguzi: Watu 2, lita 2, kila siku? Hii umetunga ili watu wabishane kuhusu nguru.

KondeleJuu: Sijatunga! Anayeinywa ni baba, kutwa. Ana kisukari, anameza glibenklamaidi. Jumatatu nilikata sukari yote. Leo saa nne alitetemeka, jasho likamtoka. Nikaona ni mwili unazoea.

Nesi_Manyatta: Hapana, sukari yake ilishuka. Kidonge hicho huisukuma kongosho itoe insulini hata kama hajala. Akitetemeka tena, mpe vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, pima baada ya dakika 15, kisha ale. Akipoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, kimbia hospitali. Dawa hii hukaa mwilini, inaweza kumshusha tena usiku, kwa hiyo mpeleke kliniki leo leo na pakiti yake. Usimpunguzie dawa mwenyewe. Asubuhi anakula nini?

KondeleJuu: Chai tupu.

Nesi_Manyatta: Basi asimeze kidonge kabla chakula hakijawa mezani. Nduma kipande na yai vinatosha kuanzia. Mmeshatoka nyumbani?

KondeleJuu: Anavaa viatu.