Mafuta yakimwagika kwenye bahari ya baridi, tuyamwagie kemikali?

Nanga: Wakuu, kuna watu wakisikia bahari ya baridi wanakata shauri papo hapo: kemikali za kutawanya mafuta, zinazoyavunja yawe matone madogo yachanganyike na maji, hazifanyi kazi huko. Ushahidi wao ni meli ya mafuta Exxon Valdez, iliyopanda mwamba Alaska tarehe 24 Machi 1989 ikamwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Mimi nabisha. Mwanzoni bahari ilikuwa shwari mno, kemikali ikajaribiwa bila mawimbi ya kuichanganya. Akiba yenyewe haikutosha. Dhoruba ilipofika, mafuta yalisukwa na maji yakawa uji mzito usiopenyeka. Kosa la baridi liko wapi? Baridi hupunguza uvukizaji, na mafuta mepesi yakikawia kuvukiza hukawia pia kuwa mazito, kwa hiyo muda wa kuyawahi unaongezeka. Kwenye tangi la majaribio la Ohmsett, New Jersey, mafuta ya Alaska yalitawanyika hata maji yakikaribia kuganda, mradi mawimbi yawepo.

Bi Shungi: Mkuu, kutawanyika si kutoweka. Yale matone yanashuka kwenye mayai na vifaranga vya samaki. Ghuba ya Mexico ina joto juu, lakini mwaka 2010, kisima cha mafuta cha Deepwater Horizon kilipopasuka, galoni 771,000 za kemikali zilipulizwa kwenye mdomo wake, kina cha mita 1,500, ambako maji ni nyuzi 4 au 5 tu. Takriban miezi miwili baada ya kazi kusimama, kiambato chake kiitwacho DOSS bado kilipimwa kule chini. Halafu mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia wakaonyesha kwamba kemikali inaweza kudumaza bakteria wanaokula mafuta.

Mzee wa Tezi: Huo utafiti ulipingwa, binti yangu, ingawa miongoni mwa wapinzani walikuwemo watafiti wa kampuni ya mafuta ya ExxonMobil (msomaji apime mwenyewe). Mnachosahau nyote ni ndege na fisi maji. Manyoya yakishalowa mafuta hayazuii tena baridi, na kwenye maji yale mnyama hufa kwa baridi kabla sumu haijamfikia. Alaska ndege waliokufa wanakadiriwa kufika 250,000. Mkiyaacha mafuta juu, hao ndio wanaolipa. Mkiyashusha, analipa samaki. Mimi ningepuliza mbali na pwani, kwenye kina kirefu, majira ya baridi. Aprili, heringi wakitaga ufukweni, nisingegusa pampu.

Bi Shungi: Na kwenye barafu, mzee? Barafu huua mawimbi.

Nanga: Mwaka 2009 Wanorwe walijaribu kwenye barafu ya Bahari ya Barents. Boti zilichochea maji kwa injini zake, mafuta yakatawanyika.

Bi Shungi: Ya majaribio, mkuu, tena kidogo, na boti ziko hapohapo zinasubiri. Wewe umetutajia lita milioni 40. Juu ya hapo weka giza la mchana kutwa, na uwanja wa ndege ulio mbali. Ndiyo maana kibali cha kuchimba kisitolewe kwa kuhesabu madumu ya kemikali ghalani. Mwenye kisima atuonyeshe kwanza boti na ndege atakazotumia mwezi Januari.

Mzee wa Tezi: Hapo niko nawe. Ila akizionyesha, usije ukamkatalia kwa sababu ya DOSS pekee.